Ukali wa Kihisi katika Jazi ya Kilatini ya Ala: Suala la Msikilizaji Mwepesi wa Hisi

Wahakiki wa jazi ya Kilatini wamezoea kuisifu kwa msamiati wa joto: moto, mwako, mlipuko. Msamiati huo husifu bila kueleza. Aidha, humdhania msikilizaji wa aina moja tu, yule ambaye kila kinachoongezwa kwenye sauti kwake ni neema. Sehemu hii inamrejesha katika uhakiki msikilizaji aliyeachwa nje, yaani mtu mwepesi wa hisi, ambaye mlio wa ghafla humshtua na msongamano wa sauti humchosha mapema kuliko wenzake. Msikilizaji huyu hatazamwi hapa kama mgonjwa wala kama asiyejua muziki. Kwa mujibu wa Nadharia ya Upokezi, maana ya kazi ya sanaa hukamilishwa na anayeipokea. Basi hakuna sababu ya kinadharia ya kuliita sikio lake sikio pungufu.

Kwanza ni lazima kutenganisha ukali na ukubwa wa sauti. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa muda huohuo kwa watoto na wasikilizaji walio hatarini zaidi. Kiwango hicho kina manufaa kwa kulinda masikio, lakini hakisemi lolote kuhusu umbo la sauti. Kengele ya mpiga timbale na tarumbeta za juu hutoa nguvu nyingi katika masafa ya takriban hezi 2,000 hadi 5,000, ambamo sikio la binadamu husikia kwa wepesi zaidi. Tena, msuli mdogo wa sikio la kati unaojikaza kulikinga sikio dhidi ya kelele huchelewa kidogo kuanza kazi. Pigo la ghafla la kijiti kwenye ukingo wa timbale huwa limekwisha kupita.

“Manteca”, iliyorekodiwa na bendi ya Dizzy Gillespie mjini New York mnamo Desemba 1947, ni mfano mzuri wa utata huu. Kwa hesabu ya ala ni kazi nzito: bendi kubwa kamili pamoja na konga za Chano Pozo, Mkuba aliyeuawa Harlem mwaka uliofuata. Hata hivyo, haimwagi sauti zote kwa mkupuo. Besi na ngoma hutangulia, saksafoni zikafuata, kisha tromboni na tarumbeta. Msikilizaji hupewa nafasi ya kulitambua kila tabaka kabla halijafunikwa na jingine. Kisha huja kipande cha kati alichokitunga Gillespie mwenyewe, ambamo mdundo huegemea swingi na viitikio vifupifupi hukoma kwa muda. Wahakiki hukichukulia kipande hicho kama daraja kati ya Kuba na Marekani, na hawakosei. Lakini kwa msikilizaji tunayemjadili ni kituo cha kupumulia. Maneno machache yanayopigwa kelele ndani yake hayafanyi kazi ya mashairi. Ni ngoma nyingine tu.

Ugumu halisi uko kwingine. Klave, mhimili wa muziki huu, ni mapigo matano yaliyogawanywa katika vipimo viwili: matatu upande mmoja, mawili upande wa pili. Juu yake besi hupiga tumbao, ambayo mara nyingi hulitangulia pigo la kwanza na kuliacha lenyewe tupu. Sikio linalosubiri mguu utue halipati pa kutua. Kwa msikilizaji wa kawaida hiyo ndiyo ladha. Kwa mwepesi wa hisi, kungoja huko kusikoridhishwa kunaweza kuchosha kuliko tarumbeta kumi.

Msikilizaji kusudiwa wa muziki huu, tusisahau, alikuwa mchezaji. Katika ukumbi wa Palladium, New York, enzi za mambo, pengo lililoachwa na besi lilijazwa na mguu. Anayesikiliza ameketi, vipokea sauti masikioni, hubaki na deni lote kichwani. Msikilizaji wa Kiswahili ana njia ya karibu ya kulielewa jambo hili. Dansi ya Afrika Mashariki ilichota kwenye santuri za Kuba, kama jina la Cuba Marimba ya Salum Abdallah wa Morogoro linavyoshuhudia, lakini iliimbwa kwa Kiswahili, na maneno yalilipa sikio mahali pa kujishikiza. Jazi ya ala imeondoa kishikizo hicho.

Hapa ndipo tunapotofautiana na rai kwamba dawa ni kuchagua rekodi laini. “Soul Sauce” ya Cal Tjader, iliyorekodiwa 1964, ni toleo jipya la kazi ya Pozo na Gillespie, safari hii kwa kundi dogo na vibrafoni. Ni tulivu kwa kila kipimo cha desibeli. Lakini milio ya vibrafoni hudumu na kupandana, na mzunguko mmoja hurudiwa bila kituo kinacholingana na kile cha “Manteca”. Kwa maoni yetu, rekodi hii tulivu inaweza kumlemea msikilizaji huyo zaidi kuliko ile yenye kishindo.

Kigezo tunachopendekeza, basi, ni utabirikaji wa mabadiliko na kuwepo kwa vituo. Kwa kigezo hicho, kazi inayostahili kurejewa ni “Afro-Cuban Jazz Suite” ya Chico O’Farrill, iliyorekodiwa Desemba 1950 na bendi ya Machito pamoja na Charlie Parker. Huchukua takriban dakika 17, ilhali uso wa santuri ya kawaida ya zama hizo ulimudu takriban tatu. O’Farrill hakuutumia urefu huo kurundika sauti. Ameanza na wimbo wa polepole ndipo akaingia katika mambo, na kati ya sehemu ameweka vipito ambavyo wahakiki wengi huviruka, wakikimbilia sehemu za Parker.