Usukani Unaorudi Wenyewe

Barabara kuu ya I-80 inapokatisha kusini mwa jimbo la Wyoming, Marekani, kati ya miji ya Laramie na Rawlins, hupita chini ya mlima Elk mahali ambapo upepo haupumziki. Milima ya Rocky, inayosimama juu kaskazini na kusini ya hapo, imeshuka na kuacha uwazi mpana, na upepo wa magharibi hujipenyeza humo ukiongeza mwendo. Kipande hicho kilifunguliwa mwaka 1970, na hadi leo majira ya baridi hufungwa mara kwa mara, wakati mwingine kwa magari yote, wakati mwingine kwa yale yenye kimo kirefu na uzito mdogo. Ndugu zetu wengi waliotoka Kenya, Kongo na kwingineko wakaingia kwenye kazi ya malori huko wamekipita, na ukiwauliza watakusimulia habari za malori matupu yaliyolala ubavu kando ya njia.

Humo humo hupita motahomu: nyumba nzima, yenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji, iliyojengwa juu ya chesisi ya gari la kazi. Wenye nazo wengi ni wastaafu, mume na mke, wanaokimbia baridi ya kaskazini kwenda Arizona na kurudi kwao theluji ikishayeyuka. Tuchukue moja ya kawaida, yenye urefu wa mita 8 na ubavu wenye kimo cha mita 3. Huo ni ukuta wa mita za mraba 24. Upepo wa kilomita 54 kwa saa ukiupiga ukuta huo moja kwa moja, msukumo wake hufika takriban kilo 330. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne, ukapita kilo 1,300. Ni kweli kwamba kwenye nyanda zile, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Lakini upepo wa kule una kasi ya kuifuta nafuu hiyo mara moja.

Anayeshika usukani wa gari la namna hiyo kutwa nzima hushuka mabega yamekakamaa na viganja vinauma. Wengi huamini kwamba ndivyo magari haya yalivyo, na kwamba dereva hana budi kuzoea. Sivyo. Ipo kazi ya mikono inayoweza kuyatuliza, na wanaoifanya vizuri wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Nimepata kukaa pembeni ya kazi hiyo nikiitazama, na naandika ili kuisifu.

Shida yenyewe ina mahali ilipozaliwa. Motahomu nyingi za Marekani za kiasi hiki huanzia Ford, kwenye chesisi ya E-450 au F-53: injini, fremu, ekseli na usukani. Chesisi hutoka kiwandani ikiwa imefanyiwa alaimenti, yaani magurudumu yamepangwa pembe zake, lakini mgongoni haina kitu. Kisha hupelekwa kwa mjenzi wa nyumba, mara nyingi katika eneo la Elkhart, Indiana, au kule Forest City, Iowa, ambako kampuni ya Winnebago ilianza kutengeneza motahomu mwaka 1966. Huko hubebeshwa tani za mbao, vioo, jenereta, makabati na mabomba. Springi hukaa chini, pembe za magurudumu hubadilika, na mara nyingi hakuna anayerudi kuzipima. Isitoshe, mnunuzi hupenda chumba kikubwa, kwa hiyo mwili hurefushwa nyuma, ukaning'inia mbali kupita ekseli ya nyuma. Kila kilo inayowekwa kule mwisho huinua pua kidogo, na magurudumu yanayoongoza yakapoteza mshiko. Mwenye chesisi amemaliza kazi yake, mwenye nyumba amemaliza yake, na gari linauzwa likiwa bado. Fundi ndiye anayelimalizia.

Fundi mzuri haanzi na spana. Anaanza na maswali. Je, gari linatangatanga hata siku isiyo na upepo? Ukikata kona, usukani unarudi kati wenyewe au unaurudisha wewe? Lori likikupita, unasukumwa pembeni kwanza halafu unavutwa kulielekea, au unavutwa tu? Mkia unayumba kabla ya pua, au pua kabla ya mkia? Mwenye gari asiyezoea huona anapotezewa muda. Kumbe kila jibu linapunguza pa kutafuta: pua inayotangatanga bila upepo ina lake, na mkia unaopepesuka lori linapopita una lake.

Baada ya maswali, mzani. Kwenye vituo vikubwa vya malori Marekani kuna mizani ya umma, na inayojulikana zaidi ni ya CAT Scale, kampuni iliyoanza mwaka 1977. Gari hupandishwa pale likiwa tayari kwa safari: maji kwenye tangi, gesi, vyakula, nguo, na watu wote kwenye viti vyao. Mzani hutoa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Kwa ile karatasi fundi hufungua jedwali la mtengenezaji wa tairi na kusoma presha inayolingana na mzigo halisi. Hapo ndipo mambo mengi huumbuka. Ubavuni mwa tairi za E-450 huandikwa kikomo cha 80 psi, na wapo wanaojaza hivyo mbele na nyuma bila kuuliza, wakati ekseli ya mbele pengine imebeba mzigo unaohitaji presha ndogo zaidi. Tairi ngumu kupita mzigo wake hugusa lami kwa kipande chembamba cha katikati, na usukani ukakosa utulivu. Kushusha chini ya jedwali nako ni hatari: tairi hupata joto na kupasuka. Kwa hiyo fundi hakisii, na presha huipima tairi likiwa baridi, asubuhi, kabla gari halijatembea.

Yako magari ambayo hupona hapo hapo, kwa gharama ya kupimia tu. Fundi mwenye haya yake atakwambia nenda zako ukajaribu wiki moja, kisha rudi tukiona bado. Mwenye tamaa atakuwa ameshakuuzia kifaa.

Kwa yale yasiyopona, fundi huingia chini. Niliyemtazama Arizona alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, na alikuwa na kijana wa kumsaidia. Gari lilikuwa chini kwenye magurudumu yake, limewekewa vizuizi, injini inaunguruma ili usukani uwe mwepesi. Kijana alikaa kwenye kiti cha dereva na kuuchezesha usukani kulia na kushoto, kidogo tu, bila kuacha matairi yageuke kweli. Mzee alilala chali na tochi, akaweka kiganja juu ya tairodi endi ya kulia, kiungo cha usukani kilicho karibu na gurudumu, akafumba macho. Akahamia nyingine. Akahamia kwenye mkono wa boksi ya stelingi. Kwenye kiungo cha tatu kiganja kilisimama, akamwambia kijana arudie polepole. Mimi sikuona kitu, hata aliponiita nikainama na tochi ikamulika pale pale. Aliushika mkono wangu akauweka juu ya chuma, na ndipo nikausikia: mgongano mdogo, wa nusu milimita labda, kila usukani ulipobadili upande. Ulegevu kiasi hicho kwenye kiungo, ukifika kwenye duara la usukani, unakuwa upana wa kidole hivi ambao dereva anazungusha bila gari kuitikia. Katika upepo, upana huo ndio unaomchosha, maana gari huwa limeshahama kabla hajalishika.

Fundi wa haraka angeweza kukaza skrubu iliyo juu ya boksi ya stelingi, ulegevu ukaonekana umekwisha. Mzee hakuigusa. Skrubu hiyo ikikazwa kupita kiasi, usukani hubana katikati na hukataa kurudi, na gari likawa la hatari kuliko lilivyokuja. Alibadili kiungo kilichochakaa, basi.

Kisha wakapima matairi ya mbele yanavyoelekeana. Gereji ilikuwa na mashine ya kisasa, lakini alipenda kuhakiki kwa njia ya zamani, na nashukuru kuiona. Aliinua gurudumu moja, akapaka chaki katikati ya uso wa tairi, akalizungusha huku amelishikia ncha ya msumari iliyoegemezwa kwenye kigogo, ukachoreka mstari mwembamba kuzunguka tairi lote. Akafanya hivyo upande wa pili. Gari likashushwa, likasogezwa mbele mita chache ili matairi yakae yanavyokaa barabarani, na wala halikurudishwa nyuma. Wakashika utepe wa kupimia, mmoja huku mwingine kule, wakapima kutoka mstari hadi mstari mbele ya matairi, kisha nyuma yake kwa kimo kile kile. Mbele panatakiwa pawe pembamba kwa milimita moja au mbili. Gari linapokwenda, matairi hujitanua kidogo na tofauti hiyo huliwa, yakabaki yanatazama njia moja. Yakiwa yamefunguka nje, kila tairi huifuata njia yake, na gari hutangatanga kati ya mistari hata pasipo upepo.

Linalonivutia zaidi katika ufundi huu ni kasta. Iache baiskeli iteremke taratibu bila kushika usukani, utaiona inajiweka sawa yenyewe. Sababu mojawapo ni kwamba uma wa mbele umeinamishwa, na gurudumu linagusa ardhi nyuma kidogo ya mahali ambapo mstari wa uma ungegusa. Gurudumu huburutwa, na linaloburutwa hutaka kunyooka. Ekseli ya mbele ya motahomu nayo ina mwinamo huo, ndio kasta, ukipimwa kwa nyuzi. Nyumba inapokuwa nzito nyuma na pua ikainuka au ikashuka, mwinamo hubadilika. Kwenye E-450 fundi huurudisha kwa kubadili bushi zenye tundu lisilo katikati. Wengi wanaoyashughulikia magari haya hulenga nyuzi 5 hivi. Kwenye F-53, yenye ekseli nzima ya mbele, huingizwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Usukani huwa mzito kidogo, lakini unaurudia mstari wenyewe baada ya kila mpigo wa upepo. Dereva haongezewi nguvu. Anaondolewa kazi ambayo haikuwa yake.

Vifaa vya kuongeza vinakuja baada ya hayo, na si vibaya. Shokapu bora husaidia. Kwa E-450 inayotikisa mkia, chuma cha kuvuka kinachofunga ekseli kwenye fremu, kinachoitwa Panhard kwa jina la kampuni ya Ufaransa, huizuia nyumba isiteleze upande juu ya springi zake kila lori linapopita. Na kwa F-53 kuna dawa isiyogharimu chochote ila jasho: mikono ya chuma cha stabilaiza ina matundu mawili, na kuhamishia viungo kwenye tundu la ndani hufupisha mkono na kukifanya chuma kiwe kigumu zaidi dhidi ya kulala upande. Ninachokikataa ni kukimbilia kifaa cha kuutuliza usukani wakati kiungo kimekufa. Kifaa hicho huficha ugonjwa, na kiungo kilicho chini huendelea kulika.

Dereva naye ana sehemu yake, na fundi mwema humwambia. Punguza mwendo: kwa kilomita 90 kwa saa gari lina nafasi ya kukosea ambayo kwa 110 halina. Tazama mbali, si mbele ya boneti. Soma majani ya kando ya barabara, bendera na vumbi. Ukikaribia kupitwa na lori wakati upepo unatoka upande wake, jua kwamba litakukinga kwa muda mfupi, na ule usukani ulioushikilia dhidi ya upepo utakupeleka kwake usipoulegeza. Likishapita, upepo utakurudia wote kwa pamoja.

Zipo pia siku ambazo ufundi wote haufai kitu. Daraja la Mackinac huko Michigan, lililofunguliwa mwaka 1957 na lenye urefu wa kilomita 8, lina utaratibu wa kuyasindikiza magari yenye kimo kirefu, motahomu zikiwemo, upepo ukizidi. Na ukizidi zaidi huyazuia kabisa. Hakuna aibu kusubiri. Nyumba unayo, kitanda unacho, chai unaweza kuchemsha pale pale.

Kama una ndugu au rafiki Marekani ambaye gari lake la namna hii limemshinda kwenye upepo, mwambie asiliuze kwanza, na asinunue kifaa chochote. Ajaze maji, apakie kila anachosafiri nacho, mkewe akae kwenye kiti chake, waende mzanini. Akiwa na karatasi ile mkononi ndipo atafute fundi, na amchague yule atakayeomba kuiona kabla ya kutaja bei.