Hesabu Spoku Kabla ya Kusikiliza Injini

Mtu akienda kununua baiskeli iliyofungwa injini, jambo la kwanza analotaka ni iwashwe aisikilize. Ikinguruma vizuri, anatoa pesa. Mimi nilinunua hivyo mara ya kwanza, hapa Jinja, mashariki mwa Uganda, na injini ile yenye sauti tamu ilinifia kwenye mteremko wa Sipi, juu ya Mbale, kabla ya kumaliza mwezi. Tangu siku hiyo nimekaa sana kwenye vibanda vya mafundi, Jinja na Mbale, nikiwatazama mikono. Nimeona kwamba injini hizi za bei nafuu kweli zina kasoro za kiwandani, lakini nyingi huuliwa siku zinapofungwa. Ndiyo maana mnunuzi anapaswa kwanza kupima kazi ya fundi, na sauti aiache iwe ya mwisho.

Fundi aliyenifundisha hayo yuko Mbale. Nilipompelekea seti mpya ya injini, ikiwa bado ndani ya boksi, hakuigusa. Aliipindua baiskeli yangu, ile nyeusi ya Kihindi ya rimu za inchi 28, akalishika gurudumu la nyuma na kuanza kuhesabu spoku kwa kidole.

“Mzee,” akasema, “hii yako ni ya arobaini. Sproketi uliyoleta inataka thelathini na sita.”

Unachonunua

Seti moja huwa na injini ya mapigo mawili, tangi dogo, kabureta, koili na kisanduku cha umeme, ekzosi, cheni, sproketi kubwa ya meno 44 na mfuko wa boliti. Boksi au muuzaji atakuambia ni cc 80. Piga hesabu mwenyewe. Nyingi zina tundu la silinda la milimita 47 na pistoni inayosafiri milimita 38, na hiyo ni cc 66 hivi. Ile ndogo, ya milimita 40 kwa 38, haifiki cc 50. Muuzaji anayekutajia 66 bila kuulizwa amekwisha kukuonyesha uaminifu wake.

Kuiunganisha injini na baiskeli si kazi ya kudharau. Mwaka 1946, huko Hamamatsu, Japani, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli, na biashara yake ya vyombo vya magurudumu mawili ikaanzia hapo. Kwetu mashariki mwa Uganda baiskeli ndiyo iliyoizaa boda boda: miaka ya 1960, pale Busia, ndiyo iliyovusha abiria na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine.

Ila ujue unachoidai baiskeli. Mtu mwenye afya, akipiga pedeli kwa muda mrefu, hutoa nguvu ya wati 100 hivi. Injini hii hutoa zaidi ya wati 1,000. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, fremu inatikisika zaidi ya mara 66 kila sekunde. Kila spoku, kila nati na kila ungio lililowekwa kwa ajili ya miguu ya binadamu sasa linabeba kazi hiyo. Fundi bora ni yule anayelielewa jambo hili kabla ya kushika spana.

Gurudumu la nyuma

Sproketi kubwa haifungwi kwenye habu. Hubanwa kwenye spoku zenyewe, kwa vipande vya raba na boliti 9, na kila boliti inapaswa kukaa pale spoku zinapopishana. Tisa mara nne ni 36. Kwenye gurudumu la spoku 36 boliti zote zinapata mahali pake. Lakini baiskeli zetu za mizigo, kwa desturi ya tangu zamani, zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Arobaini haigawanyiki kwa tisa.

Fundi mbaya hulazimisha. Boliti mbili tatu zinaingia vizuri, zilizobaki zinazisukuma spoku pembeni mpaka zinapinda. Kwa macho ya haraka kazi inaonekana safi. Baada ya siku chache spoku moja inakatika, sproketi inaanza kuyumba, cheni inaruka meno, na mwenye baiskeli anasema injini ni mbovu.

Fundi mzuri ana njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha rimu na habu ziwe za 36 na kulisuka gurudumu upya. Ya pili ni kutengeneza pete ya chuma inayobana habu, ili sproketi ishike habu na spoku zipumzike. Kazi hiyo inamhitaji fundi wa kukereza chuma, na Jinja, mji uliokua kwa viwanda baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, ni mahali pazuri pa kumtafuta.

Namna ya kupima: inua gurudumu, lizungushe polepole, weka kidole karibu na meno ya sproketi bila kugusa. Pengo libaki lile lile mzunguko mzima. Likibadilika kwenda kushoto na kulia, sproketi imekaa upande. Likibadilika juu na chini, imekaa kama yai. Kasoro hizo mbili hazitoki kwa kukaza cheni.

Cheni na kigurudumu chake

Seti huja na kigurudumu cha kukazia cheni, kinachobanwa kwenye bomba la fremu jirani kabisa na spoku. Hiki ndicho kipande ninachokiogopa kuliko vyote. Kikilegea, cheni hukivuta ndani ya spoku, na gurudumu la nyuma linafunga papo hapo ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 30 au zaidi kwa saa. Wazia mtoto akiwa kwenye keria.

Fundi wa kuaminika huikata cheni kwa urefu sahihi ili kigurudumu kisihitajike, au kama kinahitajika, hukitobolea boliti ya kukizuia kisizunguke. Kishike kwa mkono wote ukisukume kwa nguvu kuelekea spoku. Kikisogea hata kidogo, usipande. Kisha tazama cheni kutoka nyuma, jicho likiwa usawa wa sproketi: lazima iende moja kwa moja hadi kwenye injini kama uzi uliovutwa.

Boliti na gasketi

Boliti za kwenye mfuko wa seti mara nyingi ni laini. Fundi mzuri huzitupa zile zinazoshika injini na ekzosi, akanunua nyingine. Tazama vichwa vya boliti: ngumu huwa na namba 8.8 iliyopigwa juu yake. Kisha tazama kati ya injini na fremu. Ukiona vipande vya tyubu kuukuu vimekunjwa humo, uliza kwa nini. Wengi huviweka ili kupunguza mtetemo, lakini raba inaipa injini nafasi ya kucheza, na inayocheza hukata boliti zake. Injini inapaswa kuwa kitu kimoja na fremu.

Gasketi ya kabureta ndiyo inayoua kimyakimya. Ikivuja, injini inanyonya hewa ya pembeni ambayo haikuchanganyika na mafuta. Petroli inapungua, oili inapungua, joto linapanda, na pistoni inashika. Dalili yake ni hii: vuta mafuta kidogo kisha uachie. Injini isiyovuja hushuka mara moja. Inayosita, ikaendelea kulia juu kabla ya kushuka, huenda inapumua mahali pasipostahili. Dondoshea maji kidogo kwenye ungio la kabureta ikiwa inaunguruma taratibu; sauti ikibadilika, umeupata mvujo.

Rangi ya plagi

Jinja na Mbale zote ziko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 10 hivi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani hapa inamwaga petroli nyingi kupita kiasi. Fundi anayejua atafungua kabureta na kuishusha sindano yake, kwa kupandisha kibanio pengo moja, kisha ataendesha, atazima, atafungua plagi na kuisoma.

Mwombe akuonyeshe. Plagi nyeusi yenye masizi mabichi inasema petroli ni nyingi. Nyeupe kama chokaa inasema injini inaungua. Rangi unayoitaka ni ya kahawia, kama chai iliyokolea maziwa. Fundi anayekuonyesha plagi bila wasiwasi anajivunia kazi yake kwa haki.

Mchanganyiko wa oili nao upimwe. Kwa injini iliyokwisha kuzoea, mililita 50 za oili ya 2T, ile ya injini za mapigo mawili, katika lita 1 ya petroli ni kipimo cha 20 kwa 1. Injini mpya huongezewa kidogo. Sirinji ya duka la dawa inatosha kupimia. Anayekadiria kwa macho anacheza na pistoni yako.

Barabara mbili

Jinja injini hizi hufa kwenye tambarare. Ukitoka mjini kuelekea Iganga, mashamba ya miwa ya Kakira yakiwa pembeni, unashawishika kufungua mafuta yote na kuyaacha hivyo nusu saa. Joto halipati nafasi ya kushuka. Achia kidogo kila baada ya dakika chache, na injini itakushukuru.

Mbale ni kinyume chake. Wengi hudhani mlima huua injini wakati wa kupanda. Yangu ilikufa ikishuka. Sipi iko juu ya Mbale kwa zaidi ya mita 500, na mteremko wake ni mrefu. Injini ya mapigo mawili haina oili iliyohifadhiwa chini kama ya pikipiki ya Bajaj Boxer. Oili yake yote huja ndani ya petroli. Mimi nilifunga mafuta nikaiacha klachi ikiwa imeshika, ili injini inisaidie breki. Gurudumu lilikuwa linaizungusha injini kwa kasi huku hakuna petroli inayoingia, kwa hiyo hakuna oili. Nilisikia mlio mfupi mkavu, kisha tairi la nyuma likaburuta. Nilipofungua silinda nilikuta michirizi mirefu ubavuni mwa pistoni, kama iliyokwaruzwa kwa msumari.

Kwenye mteremko, bana klachi, na kila mara vuta mafuta kidogo injini inywe. Lakini klachi ikibanwa, kinachokuzuia ni breki peke yake, na breki za fito za baiskeli zetu ziliwekwa kwa mwendo wa pedeli. Kwa hiyo fundi anayemfungia mtu wa milimani injini bila kugusa breki amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayolinda maisha.

Maswali ya fundi

Baada ya haya yote, washa na usikilize. Sauti sasa ina maana, kwa sababu unajua kilicho nyuma yake.

Nina kipimo kimoja zaidi. Fundi hodari hasemi kazi imekwisha unapolipa. Anakwambia: nenda kilomita 50 polepole, rudi ikiwa imepoa, nikaze boliti zote tena. Anajua kwamba chuma kipya kikipata moto na kupoa hukaa upya, na kwamba mitikisiko 66 kwa sekunde hailali.

Yule wa Mbale aliniambia hivyo. Lakini kabla ya hapo, alipomaliza kuhesabu spoku, aliniuliza swali ambalo aliyeniuzia ile ya kwanza hakuniuliza.

“Mzee, utapita barabara gani?”

Nikamwambia, ya Sipi. Akaweka spana chini, akazigeukia breki kwanza.