Wanaume 1,056 wa Kampala na Herufi Moja ya Vinasaba

Mwaka 2018 jarida la The Prostate lilichapisha utafiti wa vinasaba vya saratani ya tezi dume kwa wanaume wa Uganda. Wagonjwa walikuwa 571, na wanaume wasio na ugonjwa huo, wa kulinganishwa nao, 485. Tafiti za aina hii huhesabu watu kwa makumi ya maelfu, kwa hiyo idadi hiyo ni ndogo. Hata hivyo ilitoa jibu ambalo ni vigumu kulipinga. Kwa mstari ulionyooka Kampala iko karibu na Kigoma kuliko ilivyo Dar es Salaam, na sisi wa Mwanga na Ujiji hapa Kigoma tuna kila sababu ya kujua jibu hilo lilipatikanaje.

Walioongoza kazi hiyo ni Stephen Watya, daktari bingwa wa njia ya mkojo wa Kampala, na Christopher Haiman wa Chuo Kikuu cha Southern California. Watya hakuanzia kwenye vinasaba. Jina lake limo katika utafiti wa tohara wa Rakai, Uganda, uliochapishwa na The Lancet mwaka 2007, uliofuatilia wanaume 4,996 na kuonyesha kuwa tohara hupunguza kwa karibu nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU. Aliyepita njia hiyo anajua namna ya kuwaomba wanaume ridhaa juu ya sehemu za mwili wasizopenda kuzizungumzia, na namna ya kutunza kumbukumbu za maelfu ya watu bila kuchanganya majina. Naamini ujuzi huo ndio ulioubeba utafiti wa pili. Orodha ya waandishi wake imejaa majina ya Waganda, na hilo nalo lina maana yake.

Haiman alifika kwa njia nyingine. Mwaka 2006 watafiti wa Iceland walibaini kuwa kipande cha kromosomu ya nane, kinachoitwa 8q24, kinahusiana na saratani ya tezi dume. Mwaka huohuo timu iliyomhusisha Haiman ilikifikia kipande hichohicho kwa kuchunguza wagonjwa 1,597 wa Marekani wenye asili ya Afrika. Damu ya Wamarekani hao imechanganyika na ya Ulaya, kwa hiyo watafiti walitafuta mahali ambapo wagonjwa wana urithi wa Afrika mwingi zaidi kuliko ilivyo kawaida yao wenyewe. Sehemu iliyojitokeza ilikuwa 8q24. Baada ya hapo, kwenda Afrika kwenyewe kulikuwa hatua ya lazima, ingawa ilichukua miaka mingi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu ndipo penye utamu. Watafiti wa Kampala walichunguza alama 17,125,421 za vinasaba, na kwa kila alama waliuliza kama inaonekana zaidi kwa wagonjwa. Wangetumia kigezo cha kawaida cha utafiti, kinachoruhusu kosa 1 katika maswali 20, wangepata alama zaidi ya 850,000 za uongo kwa bahati tupu. Kwa hiyo fani hii hudai bahati isizidi sehemu 5 katika milioni 100. Alama inayoitwa rs72725854, iliyomo ndani ya 8q24, ilipita kigezo hicho kwa mbali: uwezekano wa kuipata kwa bahati ulikuwa kama sehemu 2 katika bilioni 100. Kila nakala ya herufi ya hatari iliyopo kwenye alama hiyo iliongeza hatari kwa kadiri ya mara 3.37. Na ni herufi inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika tu.

Msomaji makini atauliza: je, hao 485 walikuwa wazima kweli? Wanaume wengi wa umri mkubwa wana saratani ndogo ya tezi dume wasiyoijua kamwe. Lakini tazama kosa hilo linasukuma upande gani. Wagonjwa waliojificha wakiingia kwenye kundi la kulinganisha, makundi mawili hufanana zaidi, na tofauti hupungua. Kwa hiyo tofauti iliyobaki ikiwa kubwa hivyo, kosa hilo haliwezi kuwa ndilo lililoizalisha.

Kosa la kuogopwa zaidi ni la makabila. Hospitali ya Mulago ya Kampala hupokea Baganda, Wanyankole, Waacholi, Walango na wengine wengi. Wagonjwa wakitoka zaidi jamii moja na wenzao wa kulinganishwa jamii nyingine, basi kila tofauti ya asili itajitokeza ikiwa imevaa vazi la saratani. Dawa yake ni kupima kwa vinasaba vyenyewe kila mtu amekaa wapi katika ramani ya asili, kisha kuondoa athari hiyo katika hesabu. Bila hatua hiyo nisingeamini hata ukurasa mmoja wa utafiti wa namna hii.

Kuna jedwali ambalo wengi hulipita haraka. Watafiti walichukua maeneo 111 yaliyokwisha kujulikana, mengi yakiwa yamegunduliwa kwa Wazungu, wakayajaribu kwa Waganda. Maeneo 75 yalielekea upande uleule, ila 14 tu ndiyo yaliyofikia kiwango cha uhakika, na hicho ni kile kigezo cha kawaida, si kile kikali. Sehemu ya sababu ni uchache wa watu. Sehemu nyingine ni umri wa vinasaba vyetu. Chukua mfano: usiku usio na mbalamwezi, ukiwa ufukweni Kibirizi hapa Kigoma, taa za wavuvi wa dagaa walio mbali huonekana kama mwako mmoja. Ukisogea kwa mtumbwi, kila taa inajitenga na mwenzake. Kwa Wazungu, alama za vinasaba hurithiwa kwa makundi makubwa yaliyoshikamana, na mtafiti huona mwako bila kujua taa ipi ndiyo yenye samaki. Kwa Waafrika, vizazi vingi zaidi vimeyakatakata makundi hayo. Ndiyo maana alama ya Ulaya huweza kupotea Kampala, na ndiyo maana pia Kampala ni mahali pazuri pa kumtafuta mhusika mwenyewe.

Mhusika wa 8q24, ile rs72725854, alichunguzwa maabara, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Pale alipo hakuna jeni, kuna swichi. Herufi ya hatari huifanya swichi hiyo iwake kwa nguvu zaidi, na jirani yake MYC, jeni linalochochea seli kugawanyika, huongezewa kazi.

Nina tahadhari moja juu ya ile mara 3.37. Utafiti mdogo unaogundua kitu kwa kishindo mara nyingi huwa umekikuza. Uchambuzi wa mwaka 2020, wa wagonjwa 9,052 wenye asili ya Afrika, ulikuta herufi hiyo kwa 12% ya wasio wagonjwa na 23% ya wagonjwa wasio na historia ya ugonjwa katika familia. Ukikokotoa, unapata kama mara 2.2. Bado ni hatari kubwa kwa herufi moja. Na katika familia zilizoandamwa na ugonjwa huu, waliokuwa nayo walifika 32%.

Hapo ndipo jambo linapotugusa sisi. Kromosomu ya nane hutoka kwa baba na kwa mama pia. Wanaume wengi hapa Mwanga wakiulizwa kuhusu tezi dume ya ukoo hutaja baba na baba wakubwa, basi. Mjomba hatajwi. Lakini mama huweza kuibeba herufi hii maisha yake yote bila dalili yoyote, kwa kuwa hana tezi dume, na akamrithisha mwanawe herufi ileile ambayo mjomba wa mtoto huyo naye huenda aliirithi. Vivyo hivyo jeni la BRCA2: likiharibika, mama au mama mdogo huweza kuugua saratani ya matiti, na mtoto wa kiume akaugua tezi dume.

Utafiti kama wa Kampala ukija kufanywa kwetu, katika Hospitali ya Maweni, tatizo la asili litakuwa gumu kuliko la Mulago. Ujiji ina Waha, ina Wamanyema ambao wazee wao walivuka ziwa enzi za misafara, ina Wabembe. Na mkoa umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo. Kumwandika mtu kuwa ni mwenyeji wa Kigoma hakutatosha.

Hakuna kipimo cha herufi ya 8q24 kinachomsubiri mtu Kigoma. Lakini kipimo cha damu cha PSA, cha kuchunguza tezi dume, kipo nchini, na Chama cha Saratani cha Marekani hushauri mazungumzo juu yake yaanze miaka 50 kwa wanaume wengi, miaka 45 kwa Wamarekani weusi na kwa aliye na baba au kaka aliyeugua kabla ya miaka 65, na miaka 40 kwa aliye na zaidi ya mmoja waliougua mapema. Kwa ushahidi wa Kampala, wa mwaka 2020 na wa BRCA2, daktari wa Kigoma anayejaza fomu ya mgonjwa angeongeza mistari miwili: mmoja wa wajomba, mwingine wa saratani ya matiti upande wa mama.