Shahidi ni Haragwe

Kasongo, mashariki mwa Kongo, imelima mpunga tangu zama za mfanyabiashara Tippu Tip, karne ya 19, na pumba hazikosekani vinuni. Kwa fundi wa mboji, pumba na mabua makavu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni majani mabichi yanayofyekwa kwenye viwanja vya misheni na vya ofisi. Kabla hajapokea hata kifurushi kimoja, huuliza: "Papa, majani haya yalipigwa dawa? Dawa gani? Lini?"

Naliheshimu sana swali hilo. Majani mabichi yakirundikwa peke yake hugandamana, hukosa hewa, hunuka. Fundi huyapanga kwa tabaka na pumba, udongo kidogo juu, mpaka rundo lifike kimo cha mita moja. Hukamata konzi moja na kuifinya: yakidondoka matone mawili matatu, maji yametosha. Hudidimiza kijiti katikati, akakichomoa na kukishika. Kikiunguza kiganja, ndani mna nyuzi 55 hadi 65, na mbegu za magugu zinakufa. Kisha hugeuza, tena na tena, ya nje yaingie ndani.

Joto hilo na vijidudu vya rundo humaliza dawa za magugu kama 2,4-D kwa majuma kadhaa. Lakini clopyralid, aminopyralid na picloram hustahimili rundo. Hupita hata tumboni mwa ng'ombe na kutoka na mavi zikiwa na nguvu zao. Mwaka 2000, mjini Spokane, Marekani, mboji yenye clopyralid ilipinda nyanya za watu ambao hawakuwa wamenyunyiza chochote.

Ndipo ufundi wenyewe unapoonekana. Mboji imekuwa nyeusi, inanukia kama udongo baada ya mvua, majirani wameleta vikapu. Yeye hatoi. Anachukua makopo sita: matatu anajaza mboji iliyochanganywa na udongo, matatu udongo safi mtupu. Katika kila kopo anapanda maharage matatu, na kila kopo lina kisahani chake ili maji yasihame. Anangoja majuma matatu.

Haragwe halidanganyi. Majani ya makopo ya mboji yakijikunja kama kikombe, shina likapinda, dawa bado imo. Hata hapo hatupi kitu: dawa hizo tatu hutesa maharage, nyanya na karanga, lakini mpunga na mahindi, ambayo ni ya jamii ya nyasi, huzivumilia. Mboji hiyo huenda shamba la mpunga, na mabua yake hayarudi kwenye rundo la bustani wala hayapewi mbuzi.

Siku makopo yote sita yanapofungua majani yaliyonyooka, matatu kwa matatu, ndipo anapoita: leteni vikapu.