Utepe wa mkono na mchoro wa ukutani

Hivi karibuni sisi makocha wa vijana hapa Nyarugusu tuliitwa semina. Mwezeshaji akabandika ukutani mchoro wa wanaume watatu: mnene, mwenye misuli na mwembamba. Chini yake ziliandikwa tabia. Mnene: mchangamfu, mpenda kula. Mwenye misuli: jasiri, kiongozi. Mwembamba: mwoga, mpenda upweke. Tukaambiwa itatusaidia kupanga timu. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi, hata mimi. Basi nauliza leo.

Yametoka kwa William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyetoa kitabu kuhusu maumbo mwaka 1940 na kingine kuhusu tabia mwaka 1942. Tumtendee haki: mchoro ule umemharibia kazi. Yeye alimpa kila mtu namba tatu, kuanzia 1 hadi 7: ya unene, ya misuli na ya wembamba. Kila mmoja wetu ana vyote, kwa kiasi chake. Na kweli umbo lina kazi uwanjani. Mrusha tufe na mkimbiaji wa marathoni hawawezi kuazimana miili.

Kosa ni pale alipotoka kwenye misuli akaingia rohoni. Aliyepima mwili ndiye huyo huyo aliyetoa alama za tabia. Ukishaamini mtu wa miraba minne ni jasiri, ujasiri utauona tu. Tena alishikilia kwamba umbo la mtu halibadiliki, hata kwa njaa. Jamani, angekuja hapa mgao ukipunguzwa! Mwaka 1967 Heath na Carter waliirekebisha njia yake: wakapima mwili ulivyo leo, wakikubali kwamba chakula na mazoezi huubadilisha. Tabia hawakuigusa.

Kwetu hili si la mpira tu. Enzi za Wabelgiji, kule Ruanda-Urundi, watu walipimwa urefu na pua. Ikasemwa mrefu kazaliwa kutawala, mfupi kazaliwa kulima. Miaka ya 1930 kabila likaandikwa kwenye vitambulisho vya Rwanda. Wako kati yetu waliokimbia kwa sababu mtu kizuizini alitazama sura zao kabla ya kuuliza majina.

Sikatai vipimo. Kliniki nao wanapima: utepe ukionyesha mkono wa mtoto wa chini ya miaka mitano haufiki milimita 115, ana utapiamlo mkali, anaanzishiwa matibabu. Utepe hausemi mtoto ni mpole au mkorofi. Unasema mwili wake unahitaji nini, na anayeushika anajua la kufanya.

Sasa nikiri langu. Baada ya semina nilimtoa kijana mmoja mwembamba kwenye nafasi ya beki wa kati, nikamweka mwenye kifua kipana. Hakulalamika. Nikasema moyoni, unaona, mchoro haukosei. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini. Nikamfuata kwao. Mama yake akanikaribisha kiti, kisha akasema: "Mwalimu, huyu alimbeba mdogo wake mgongoni siku nne porini. Huo woga ulimpimia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba kijana msamaha mbele ya mama yake, na nafasi yake nimemrudishia. Mchoro bado uko ukutani. Ndugu zetu wa mashirika, ukibaki, basi yale maneno ya chini yafutwe.