Kosa, Hitilafu na Kimya: Uhakiki wa Uainishaji wa Matukio ya Hitilafu katika Vifaa vya Mtandao wa Data kwa Mtazamo wa Kigoma

1. Utangulizi

Uainishaji wa hitilafu katika vifaa vya mtandao wa data umezoeleka kuchukuliwa kuwa kazi ya wahandisi peke yao. Ruta, swichi na mitambo ya redio huandika matukio yake katika kumbukumbu, huyapa daraja la uzito, kisha huyatuma katika kituo cha usimamizi ambako mtu au programu huamua lipi lishughulikiwe kwanza. Hata hivyo, kumbukumbu hizo ni matini. Zina msamiati wake, zina sauti inayosema na hadhira inayosemeshwa, na zina mambo zinayoyanyamazia. Kwa sababu hiyo zinaweza kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote.

Sehemu hii inahakiki mifumo miwili iliyoenea zaidi: pendekezo X.733 la shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, lililotolewa mwaka 1992, na itifaki ya syslog kama ilivyoelezwa katika waraka RFC 5424 wa mwaka 2009. Kigoma imechukuliwa kuwa mahali pa kuipimia. Mji huo uko mwisho wa Reli ya Kati, takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa katika miaka ya 2020. Kwa upande wa data pia, Kigoma huhudumiwa kutoka mbali: mawasiliano yake na dunia hupita katika njia ndefu ya nchi kavu kabla ya kuifikia pwani na mikongo ya baharini. Mfumo wa uainishaji uliobuniwa kwa mazingira yenye njia nyingi mbadala na umeme usiokatika huonyesha udhaifu wake upesi zaidi mahali kama hapo.

Hoja kuu ni tatu. Kwanza, mifumo hii hupima hali ya kifaa kuliko hasara ya mtumiaji. Pili, haikipi kimya nafasi inayostahili. Tatu, ikihamishiwa katika Kiswahili bila uangalifu, huzaa utata ambao haukuwamo katika asili yake.

2. Uzito kwa mujibu wa nani?

Syslog ilianza katika miaka ya 1980 kama sehemu ya programu ya barua ya Sendmail, iliyobuniwa na Eric Allman. Ina madaraja manane, kuanzia 0 hadi 7, na kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo ndivyo tukio linavyohesabiwa kuwa zito. X.733 ina madaraja sita, likiwamo la hitilafu iliyokwisha kuondolewa na la hitilafu ambayo uzito wake haujulikani. Pendekezo hilo lina uaminifu fulani wa lugha: huuita uzito huo kuwa ni uzito unaodhaniwa, yaani makadirio ya namna uwezo wa kifaa kinachosimamiwa ulivyoathirika. Swali la kihakiki linatokana na neno hilohilo. Anayedhani ni nani?

Jibu ni kwamba anayedhani ni kifaa, au kwa usahihi zaidi, ni mtengenezaji aliyekwisha kuamua daraja la kila tukio kiwandani. Mfano mzuri ni ujumbe wa ruta na swichi za Cisco wenye alama LINK-3-UPDOWN. Tarakimu 3 katikati ya alama hiyo huonyesha daraja la kosa. Ujumbe huo hutolewa mlango wa swichi unapokatika, na hutolewa tena kwa daraja lilelile mlango unaporejea. Hutolewa kompyuta ya karani inapochomolewa wakati wa kufunga ofisi, na hutolewa pia kiungo pekee kinachoiunganisha ofisi hiyo na Dar es Salaam kinapokufa. Kwa kifaa, matukio yote manne ni mamoja. Kwa mfanyabiashara wa dagaa na migebuka wa Kibirizi anayesubiri namba ya kumbukumbu ya malipo ili alipe ushuru na mzigo wake uondoke, matatu kati ya hayo si habari, na moja ni kuharibika kwa siku nzima.

Kinyume chake pia hutokea. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma ya intaneti ikadorora nchini Tanzania na katika nchi jirani. Ruta iliyoko Kigoma isingekuwa na hitilafu ya kuripoti katika hali kama hiyo. Umeme wake upo, milango yake iko wazi, na kiungo chake na ruta inayofuata ni kizima. Kumbukumbu yake inaweza kusomeka kuwa ni ya siku tulivu, ilhali watumiaji wa Mwanga na Ujiji hawafungui hata ukurasa mmoja. Uainishaji unaomsikiliza mlalamikaji mmoja tu, yaani kifaa, hauwezi kuiona hasara ya aina hiyo.

3. Kimya kama tukio

Mifumo yote miwili imejengwa juu ya dhana kwamba chenye hitilafu kitasema. Kwa desturi, ujumbe wa syslog husafirishwa kwa itifaki ya UDP, ambayo haimtaki mpokeaji athibitishe kupokea. Ujumbe ukipotea njiani, mtumaji hajui na mpokeaji hajui. Panapokuwa na njia mbadala, upungufu huu huvumilika. Mahali penye njia moja, taarifa ya kukatika kwa njia inalazimika kupita katika njia ileile iliyokatika. Habari ya msiba imekabidhiwa kwa marehemu aipeleke.

Baadhi ya vifaa hujaribu kulitatua jambo hili kwa kutuma ujumbe wa mwisho vinapopoteza umeme, vikitumia chaji kidogo iliyobaki ndani yake. Wahandisi huufananisha ujumbe huo na pumzi ya mwisho ya anayekata roho. Ubunifu huo ni mzuri, lakini haupo katika kila kifaa, na hausaidii pale ambapo kifaa kilicho mbele yake kimezimika dakika hiyohiyo kwa sababu kinatumia laini moja ya umeme.

Njia ya pili ni kituo cha usimamizi kukiuliza kila kifaa hali yake mara kwa mara, na kuhesabu kutojibu kuwa ni dalili. Hapa ndipo kimya kinapoingia katika uainishaji, lakini huingia kwa mlango wa nyuma. Vifaa ishirini visipojibu, kituo huweza kuandika hitilafu ishirini nzito, ingawa kilichotokea ni kimoja: kiungo kinachowatangulia wote kimekatika. Msomaji wa kumbukumbu akiwa Dar es Salaam huona mji mzima umeanguka, wakati vifaa vya mji huo vinaendelea kufanya kazi na hata kuhudumiana vyenyewe kwa vyenyewe. Kimya cha kifaa kilichokufa na kimya cha kifaa kisichofikika ni vimya viwili tofauti. Uainishaji unaovichanganya humtuma fundi mahali pasipo na tatizo.

4. Tatizo la maneno

Kuundwa kwa BAKITA mwaka 1967 kuliipa nchi chombo cha kusimamia ukuzaji wa istilahi, na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha kwa Jambo OpenOffice, mwaka 2004, kwamba programu nzima inaweza kusomeka kwa Kiswahili. Hata hivyo, kazi ya namna hiyo ilimlenga mtumiaji wa ofisini. Lugha ya hitilafu inataka mipaka iliyo makali zaidi, na maneno yanayoelekea kutumika hayajapewa mipaka hiyo.

Mfano wa kwanza ni jozi ya kosa na hitilafu. Kosa hudai mkosaji. Fundi anayesoma kwamba swichi ina kosa la daraja la tatu husukumwa na lugha amtafute aliyekosea. Hitilafu, ambalo pia lina maana ya tofauti au kutopatana, halimlaumu mtu. Hueleza kwamba hali iliyopo haipatani na hali iliyotarajiwa. Kwa tukio la mtandao, maana hiyo ndiyo sahihi zaidi.

Mfano wa pili ni neno tahadhari. Syslog hutofautisha daraja la 1, linalotaka hatua ichukuliwe mara moja, na daraja la 4, linaloonya tu kwamba huenda jambo likaharibika. Neno tahadhari huweza kutumiwa kwa yote mawili, na mpangilio wote ukaporomoka. Daraja la 2 nalo likiitwa muhimu, kifaa kinachokaribia kufa kinapewa sifa badala ya kuombewa msaada. Lugha ya wodini ina neno linalofaa zaidi, mahututi, lakini mafundi hawajalizoea kwa mashine.

Mfano wa tatu ndio wenye gharama kubwa. Katika Kiswahili, umeme ni nguvu inayowasha taa, na pia ni mmweko wa angani wakati wa mvua. Ukanda wa Ziwa Tanganyika una radi nyingi. Fundi akijaza kwamba chanzo cha hitilafu ni umeme, ameandika sentensi sahihi isiyosaidia. Ikiwa umeme wa laini ulikatika, dawa ni betri. Ikiwa radi ilipiga mnara, dawa ni waya wa ardhi ulio imara na vikinga radi. Mwaka mzima wa kumbukumbu zenye neno hilo moja unaweza kuishia katika kununua betri kwa ajili ya tatizo la radi.

5. Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba mafundi wengi husoma ujumbe wa vifaa kwa Kiingereza, na kwamba viwango vya kimataifa vina thamani kwa sababu havibadiliki kutoka mji hadi mji. Pingamizi hili lina uzito. Ruta haitajifunza habari za Kibirizi, na kila mji ukijitungia madaraja yake, hakuna kituo kitakachoweza kulinganisha. Aidha, kuongeza madaraja huongeza kelele, na king'ora kinacholia kila saa hatimaye hakimshtui mtu.

Lakini pingamizi hilo linahusu ujumbe wa kifaa, si hukumu inayotolewa juu yake. Daraja la kiwandani linaweza kubaki kama lilivyo, na pembeni yake likawekwa daraja la huduma kwa maneno ambayo watumiaji wenyewe huyatumia: imekatika, imepungua, inasuasua, iko hatarini, kimya, imerejea. Maneno sita yanatosha. Kila moja linajibu swali la nani amekosa nini, na neno kimya linakiri wazi kwamba kituo hakijui bado. Sehemu ya chanzo nayo itenganishe umeme wa laini na radi.

6. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba daraja la hitilafu ni hukumu iliyotolewa mapema, na mtu asiyeyajua mazingira ambamo kifaa kitafanya kazi. X.733 na syslog zimefanikiwa kuvipa vifaa vya watengenezaji tofauti lugha moja ya kusemea. Hazikukusudiwa kuwasemea watu walio upande wa pili wa kifaa. Kazi hiyo imebaki kwa wanaosimamia mitandao na kwa wanaistilahi wa Kiswahili, na haiwezi kufanywa na kundi moja bila jingine: mhandisi anajua kilichokatika, mwanaistilahi anajua neno litakalomfanya msomaji wa kumbukumbu aelewe hivyohivyo. Mpaka maneno hayo yakubaliwe, mji ulio mwisho wa njia utaendelea kuonekana mzima katika jedwali siku ambayo hauna huduma, na kuonekana umekufa siku ambayo kilichokatika ni kiungo kimoja kilicho mbali nao.