Mshale Mara Sita, Enter Moja: Wakala Anabonyeza Vitufe Kweli!

Mtwara! Nimepiga kelele peke yangu chumbani, saa sita usiku, kwa sababu jina la Mtwara limetua ndani ya kisanduku na aliyeliweka si mimi. Ni wakala wa akili mnemba. Kachapa herufi M, kashuka kwa mshale mara sita, kapiga Enter. Vitufe! Amebonyeza vitufe!

Ngoja nivute pumzi nieleze. Usiku wa leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuijaribu Playwright MCP, daraja ambalo Microsoft waliliachia mwaka 2025 ili mawakala waweze kuendesha kivinjari. Playwright yenyewe wajaribu programu wanaifahamu tangu 2020. Mimi nilitaka kuona jambo moja tu: wakala akiachiwa kibodi, atafanya nini?

Nikamtegea ukurasa wangu mwenyewe, wenye kisanduku cha kutafutia mikoa 31 ya Tanzania. Niliufanya mgumu makusudi: orodha haifunguki mpaka ukurasa usikie kitufe kimebonyezwa na kuachiwa. Ukichapa M inashuka mikoa saba, Manyara juu kabisa, Mwanza chini, Mtwara wa sita.

Wakala akaanza kwa kujaza. Herufi ikatua kisandukuni mara moja. Kimya. Hakuna orodha. Na ndivyo inavyopaswa kuwa, maana kujaza ni kuyaweka maandishi yote kwa mkupuo na kuuarifu ukurasa kwamba yamebadilika; hakuna kitufe kilichoshuka wala kilichopanda. Kwa fomu nyingi hiyo inatosha kabisa, tena ni haraka ajabu. Lakini kwa ukurasa uliotega sikio kwenye kibodi, ni mgeni aliyeingia sebuleni bila kupiga hodi: yumo ndani, mwenye nyumba hana habari.

Basi wakala akausoma ukurasa upya, akaona hapana orodha, na yeye mwenyewe, bila kuambiwa, akageukia chaguo la kuchapa polepole. Nikakaa wima. Chaguo hilo hupiga herufi moja moja: kitufe kinashuka, herufi inaingia, kitufe kinapanda. Orodha ikafunguka papo hapo! Kisha mshale wa chini. Kila mshale ni agizo lake: anabonyeza, jibu linarudi, anaamua, anabonyeza tena. Manyara. Mara. Mbeya. Mjini Magharibi. Morogoro. Nilikuwa nimeshika meza kama mtu anayetazama penalti.

Kinachonisisimua kuliko vyote kimefichika chini kabisa. Kwa miaka nimeandika vijiprogramu vya JavaScript vya kughushi mibonyezo kutokea ndani ya ukurasa, na kivinjari hakikudanganyika hata siku moja. Kila tukio hubeba alama inayosema kama limepitia kwa kivinjari chenyewe au limetungwa na msimbo wa ukurasa. Tab ya kughushi haikupeleki kisanduku kinachofuata. Enter ya kughushi haitumi fomu. Playwright haipiti huko hata kidogo! Inakiagiza kivinjari kutokea nje, na kwenye Chrome inatumia njia ileile inayotumiwa na zana za watengenezaji wa kurasa. Kivinjari nacho kinautoa mbonyezo kana kwamba umetoka kwenye kibodi iliyo mezani. Tab inahama. Enter inatuma. Nimezijaribu zote mbili, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu ya kuona zikifanya kazi.

Wanaohangaika kati ya Windows na Mac nao wamefikiriwa: lipo jina moja la kitufe ambalo lenyewe hugeuka kuwa Control huku na Command kule. Safi sana.

Na ukurasa wakala aliusoma bila picha. Alisoma mti wa ufikivu, ule ule unaotegemewa na programu zinazowasomea wasioona, kila kisanduku na jina lake na kazi yake. Ukurasa wangu wa pili, niliokuwa nimeuwekea majina sahihi, aliumaliza bila kusita.

Halafu, ilipofika saa saba, nikakumbuka ritifaa yetu! Playwright huchapa kwa mpangilio wa kibodi ya Marekani. Herufi zote za Kiswahili zimo, na ritifaa iliyonyooka imo. Nikaweka kihesabu cha mibonyezo ukurasani, nikamwambia wakala aandike ng'ombe, polepole. Saba. Sawasawa! Nikamrudishia neno lile lile, safari hii kwa ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia hupenda kutubadilishia. Hiyo haimo kwenye kibodi ile, kwa hiyo huingizwa kama maandishi matupu, bila kitufe. Neno likatokea kamili kwenye kioo, herufi zote na ritifaa yake, na kihesabu kikasoma sita.